Mashine Iliyosimama Kila Alhamisi

Campina Grande, 29 Aprili 2001

Mjomba Belarmino,

Shikamoo. Pasaka imetupitia vizuri. Goti la mama limepoa, ila mdomo wake haujapoa: asubuhi nzima amegombana na kasuku wa jirani, kwa kuwa kasuku amejifunza kumwita "Dalva, Dalva" kwa sauti ya mwanamume. Anakusalimu, na anauliza kama bado unakula kuskusi kavu bila hata siagi. Mimi ni mzima. Chakula cha mama kinaninenepesha, maabara inanikondesha, kwa hiyo nimebaki palepale.

Ule mtihani wangu wa kutetea tasnifu, uliokuwa ufanyike Machi, umesogezwa hadi Desemba. Mambo ya chuo tu, usijali.

Sasa nije kwenye jambo. Disketi nne za mwisho za kumbukumbu za mashine zimefika salama, sasa ninazo zote nane. Asante kwa kuzifunga kwenye mkono wa shati lako la zamani. Mama amelitambua shati na kulisikitikia. Nimezisoma zote kwenye kompyuta, na kuna kitu kinaninyima usingizi.

Februari, tulipofunga kasha langu pale nyumba ya barafu, uliniuliza lina kazi gani wakati pangaboi ya upepo inazunguka yenyewe juu ya mnara na jenereta ipo. Nilikujibu kwa haraka kwa sababu nilikuwa juu ya ngazi. Upepo hauna nidhamu. Dakika hii unavuma kwa hasira, dakika ijayo umesinzia, na umeme wa jenereta unafuata tabia hiyohiyo. Kasha linaupokea umeme huo mkorofi, linaunyoosha, kisha linaukata upya kwa swichi zake uwe mawimbi yanayolingana na ya gridi ya taifa. Kazi ngumu ni kuushika mkondo. Ukizidi kidogo tu, swichi zinaungua. Ukipungua, barafu haigandi. Njia niliyoitumia mimi ni ya zamani na ya haraka: nimeuwekea mkondo kuta mbili, moja juu na moja chini. Ukigusa ukuta wa juu swichi zinaurudisha, ukigusa wa chini zinausukuma. Basi.

Inafanya kazi vizuri siku sita. Alhamisi, saa kumi alasiri, mashine inasimama. Saa kumi na moja na nusu inaamka. Alhamisi nane, imesimama saba. Ile moja iliyosalimika ni Alhamisi Kuu, siku ambayo ilichapa kazi kama malaika. Upepo ulikuwepo siku zote hizo. Mjomba, kuna nini Alhamisi? Kuna mtu anaigusa?

Mpwa wako,
Jucileide


Ponta da Gameleira, 9 Mei 2001

Mpwa wangu Jucileide,

Marahaba. Barua yako imefika, na mzee wa posta ameisoma bahasha kwa sauti hadi barabara nzima ikajua imetoka chuo kikuu. Hapa hawakuiti tena Juci. Wanakuita Daktari wa Upepo. Ni kosa langu: nilisimama kanisani mwezi wa Machi, siku niliyodhani umeshamaliza, nikatangaza. Neno limekwisha toka, silirudishi. Wewe ufike tu huko Desemba, ulikute linakungoja.

Najua ungependa nipige simu. Mji huu una simu moja, na iko kwa Bi Creusa. Kila unalolisema yeye huwarudia walio kwenye foleni, tena akilitia chumvi, na sisi hapa chumvi tunaivuna wenyewe, haituishii. Bora kalamu.

Mimi ni mzima. Kuskusi ninakula, siagi daktari kanikataza. Kambakoche msimu huu ni wengi mpaka wavuvi wanagombania barafu yetu kwa viwiko. Mwambie dada yangu amfundishe kasuku sala, itamnyamazisha.

Nina jambo la kukueleza kuhusu kasha. Linaimba. Hukuniambia kuwa lingeimba. Linapanda, linashuka, halitui kwenye noti moja hata kwa dakika. Upepo ukikaza linalia wembamba, ukilegea linakoroma kama padri wetu wakati wa usingizi wa mchana. Mtu akiimba karibu nalo hupotea njia. Na chini ya hiyo sauti ipo nyingine, nzito, isiyotembea: ni noti ya ti, lakini ti ambayo haijafika, imepungukiwa kidogo. Nimeilinganisha na kodiani yangu mara tatu. Nimetengeneza kodiani za watu miaka thelathini, masikio yangu hayaniongopei.

Hakuna namna ya kulinyamazisha? Nauliza tu. Si kwa ajili yangu, mimi mitambo nimeizoea.

Kuhusu ile siku uliyoitaja, ufunguo wa kasha ninao mimi peke yangu. Uko shingoni, pamoja na medali ya Mtakatifu Antonio.

Mjomba wako,
Belarmino


Campina Grande, 28 Mei 2001

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameanza kumfundisha kasuku Salamu Maria, na sasa kasuku anasema "Salamu Dalva". Hatuongei tena juu yake.

Mjomba, masikio yako yanastahili kuwekwa makumbusho. Barua yako niliisoma maabara, nikaruka mpaka nikamwaga kahawa juu ya ripoti ya mtu. Gridi yetu inapiga mawimbi sitini kwa sekunde, na sitini, ukiitafuta kwenye kodiani, ni ti iliyopungukiwa kidogo. Sauti hiyo haikutakiwa kuwepo. Maana yake kipimio kimoja cha mkondo ni mwongo: hakuna kitu, nacho kinasema kipo kidogo. Kasha linamwamini na kusahihisha kosa lisilokuwepo, mara sitini kila sekunde. Nilimwonyesha Profesa Aristeu mstari wako. Akacheka. Kisha akaenda kuangalia mchoro, akarudi bila kicheko, akaniuliza, "Huyu mjomba wako amesoma wapi?" Nikamwambia, kwenye harusi.

Zima kabisa, subiri robo saa, fungua kasha. Vipimio ni vitatu, vyeusi, vimejipanga kama masista. Kile cha katikati kina skrubu ya shaba. Igeuze polepole mpaka mita isome sifuri.

Na kuhusu kelele, nimeamua kuachana na njia ya kuta mbili. Kwa njia ile swichi hupiga zinapotaka, mara haraka mara taratibu, ndiyo maana linaimba ovyo. Bahasha hii ina chipu mpya, chomoa ya zamani uweke hii. Njia ya pili iko hivi: badala ya kuutazama mkondo ukipita mbio mbele yangu, napanda juu ya wimbi lenyewe na kuzunguka nalo, kama mtu aliyepanda farasi wa mbao kwenye maonyesho. Kutoka huko mkondo unaonekana umetulia. Kosa likitokea nalisahihisha kwa kadiri lilivyo, na kwa kadiri lilivyojilimbikiza. Swichi zitapiga mara elfu tano kwa sekunde, sawasawa, bila kubadilika.

Nina imani itaponya Alhamisi pia. Nadhani kuna mzigo fulani mjini unaowashwa siku hiyo na kuivuruga volti. Unaujua?

Mama anauliza nani anaimba karibu na kasha.

Juci


Ponta da Gameleira, 2 Julai 2001

Mpwa wangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Nimepiga kodiani usiku nne mfululizo, na mkono wa kushoto umejifunga mpaka leo, nakuandikia huku nimeuweka kwenye maji ya moto.

Mambo ya mgawo wa umeme unayajua kunishinda. Tangu Juni kila nyumba imeamriwa kupunguza. Dobi amefunga pasi, mwokaji anaoka asubuhi tu, na majokofu yote barabarani yameachwa wazi kama vinywa. Kinachonguruma ni nyumba yetu ya barafu peke yake, kwa sababu ya pangaboi. Watu wananiletea nyama zao niwahifadhie. Sasa nalala nikijua siri ya kila sufuria ya mji huu.

Skrubu nimeigeuza. Ile ti imekwisha, sawia kama mtu aliyeambiwa toka. Chipu nimeweka. Sasa kasha lina noti moja tu, nyembamba, haipandi, haishuki, haipumui. Mbwa wa chama cha wavuvi amehamia ufukweni. Kwaya ya Mtakatifu Lusia, wanaofanya mazoezi ukumbini ng'ambo ya ukuta wetu, walijaribu kupandisha nyimbo zote zifuate noti ya kasha. Wanawake watatu wakakaukiwa na sauti. Basi mwalimu wao alikuja mwenyewe mlangoni, kitambaa cha kijani kichwani, mwavuli mkononi ingawa hapa hainyeshi, akaniuliza:

"Fundi, hii mashine yako ina adabu?"

Nikamjibu, "Adabu inayo, mama. Ila haikufunzwa muziki."

Akacheka. Ana meno mazuri.

Kuhusu Alhamisi, sijui niseme nini.

Belarmino

Keki ya muhogo ninayokula siku hizi ni nzuri kuliko ya mama yako, lakini usimwambie.


Campina Grande, 14 Agosti 2001

Mjomba,

Shikamoo. Mama amesoma maneno ya chini ya barua yako. Ilikuwa juu ya meza, nawe ungeniambia mwanzoni, si mwishoni. Anauliza keki ni ya nani. Anauliza pia jina la mwalimu wa kwaya, maana umemweleza kitambaa, mwavuli na meno, jina ukalisahau.

Leo sina maneno mengi. Alhamisi saba nyingine, na zote saba imesimama. Njia ya pili haikuponya kitu. Nimeandika kurasa arobaini za mahesabu kuhusu Alhamisi. Nimeomba orodha ya viwanda vyote vilivyo kwenye waya wenu. Nimechunguza mawimbi ya bahari na mwezi, mjomba, nimechunguza mwezi. Profesa Aristeu ameniita akasema, "Jucileide, hata Mungu alipumzika siku moja kati ya saba, lakini yeye hakuwa na watahini."

Natuma chipu ya tatu, na ndiyo ya mwisho niliyo nayo kichwani. Njia hii haisubiri kosa litokee. Mara elfu kumi na sita kwa sekunde inapima mkondo, inajiuliza nikifunga swichi hii utakuwa wapi, nikifunga ile utakuwa wapi, kisha inachagua ile itakayoufikisha panapotakiwa. Nimebadilisha na swichi zenyewe, tazama boksi, za sasa zina uwezo wa kasi hiyo. Fuata mchoro, usiharakishe. Sauti itapanda kupita masikio ya binadamu wa rika lako.

Niambie chochote unachokiona. Hata kikiwa kidogo.

Juci


Ponta da Gameleira, 20 Septemba 2001

Mpwa wangu,

Marahaba. Hujambo? Mama yako hajambo? Huku upepo wa Septemba ndio huu, nguo unazianika kwako, unakwenda kuzianua nyumba ya tatu.

Kazi ya swichi ilinichukua siku nne, niliifanya kama upasuaji. Kasha limenyamaza. Siku ya kwanza nilidhani limekufa, nikalisogezea sikio, nikaona taa zake zinawaka na barafu inaanguka, basi nikajua ni zima. Mbwa amerudi, kwa hiyo nadhani hata yeye halimsumbui. Disketi tatu nimezifunga humu. Utaona kila kitu kinakwenda.

Hongera. Ni kazi kubwa. Nasema kwa moyo wote.

Ila nina swali la kifundi. Ile chipu ya kwanza, ya kuta mbili, kuna ubaya wowote tukiirudisha? Hata kwa siku moja ya juma. Ilikuwa na uhai wake. Mtu alijua mashine ipo.

Alhamisi iliyopita, saa kumi, nilisimama mlangoni mwa nyumba ya barafu bila kazi. Ukumbini waliimba tangu mwanzo hadi mwisho, hawakukosea hata mahali pamoja. Hakuna aliyeniita. Saa kumi na moja na nusu nikaenda nyumbani nikala kuskusi.

Jina la mwalimu wa kwaya nitaliandika nikipata nafasi, karatasi hii imejaa.

Belarmino


Campina Grande, 8 Oktoba 2001

Mjomba wangu, nuru ya ukoo,

Shikamoo, shikamoo tena. Karatasi yako haikujaa, ilibaki nusu nzima, lakini leo nakusamehe kila kitu.

Alhamisi zimepona. Disketi nilizifungua kabla hata sijaketi. Alhamisi ya kwanza, haikusimama. Ya pili, haikusimama. Ya tatu, mjomba, saa kumi imepita na mkondo umenyooka kama mstari wa rula. Nilitoka maabara nikazunguka jengo mara mbili, mlinzi akaniuliza kama nimeibiwa. Mama amekubali kucheza nami jikoni, na goti lake.

Kwa kuwa nimefurahi, nitakwambia neno nililokuficha. Mtihani wa Machi haukusogezwa. Niliufanya mwishoni mwa mwezi, na disketi za kwanza mkononi, nikashindwa. Watahini walisema mashine inayosimama bila sababu haijatawaliwa, imebahatisha tu. Wakanipa nafasi moja tu ya kurudia. Mama anajua, wewe niliona haya kukuambia, na ulipoandika kwamba umesimama kanisani nikaona haya zaidi kukuangusha mbele ya watu.

Lakini hayo yamekwisha. Sura ya tano yote sasa ni Alhamisi. Nimeonyesha kwamba njia ya kwanza ilishindwa, ya pili ikashindwa, na hii ya kubashiri imeponya. Profesa anasema ndiyo moyo wa tasnifu. Nitatetea tarehe 6 Desemba, saa kumi alasiri. Nayo ni Alhamisi, fikiria.

Juci wako


Ponta da Gameleira, 22 Oktoba 2001

Jucileide mwanangu,

Leo sikusalimu kwanza, maana nikianza salamu nitakwepa tena, nami nimeandika barua hii mara tano na mara zote tano nimeishia kwenye hali ya hewa.

Alhamisi hazikupona. Hazikuwa zinaumwa. Nilikuwa nazima mimi.

Kile kitufe chekundu cha dharura kiko ukutani, nje ya mlango, mbali na kasha. Hakihitaji ufunguo. Nilipokuandikia kwamba ufunguo ninao mimi peke yangu nilisema kweli, na ile kweli niliipanga nijifiche nyuma yake.

Ilikuwa hivi. Alhamisi ya kwanza ya Machi mwalimu wa kwaya alipita kwangu akasema, "Belarmino, hilo dude lako linatupoteza. Lizime saa moja na nusu tu, tuimbe." Nikazima. Akashukuru. Alhamisi iliyofuata akarudi kuniomba, na kipande cha keki ya muhogo kwenye leso. Ya tatu nikazima kabla hajafika, naye akafika vilevile, kuja kushukuru. Akawa akimaliza mazoezi anapita, tunakaa kwenye kizingiti, ananiuliza barafu inavyoganda, nami nazidisha maneno. Alhamisi Kuu hawakuimba. Nilizunguka nyumba ya barafu siku ile kama kuku aliyefungwa mguu.

Jina lake ni Hosana. Naam, Hosana yuleyule, aliyemtoa mama yako kwenye kwaya mwaka 1974 kwa kumwambia anaimba kama bawaba ya mlango. Sasa unaelewa kwa nini karatasi zilikuwa zinanijaa.

Nilidhani una wakati. Uliniambia mambo ya chuo tu. Ungenieleza ya Machi, kidole hiki ningekikata siku ileile. Na mimi ningekueleza ya Hosana, usingechunguza mwezi. Wewe uliona haya, mimi nikaona haya, na mashine ya watu ikabeba lawama.

Sura ya tano ni ya uongo, na uongo ni wangu. Ukitaka nije mbele ya watahini niseme, nitakuja, nina suti.

Disketi nyingine mbili zimo. Hazina jipya ninaloliona, isipokuwa tarehe 16 lori la chumvi liligonga nguzo ya umeme njia ya mashamba ya chumvi. Taa za mji wote zilizama, zikarudi. Nyumba ya barafu haikutikisika, niliona ajabu.

Mjomba wako asiyefaa,
Belarmino


Campina Grande, 12 Novemba 2001

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako ilifika tarehe 29. Ilinichukua siku tatu kuimeza. Siku ya kwanza nilikuchukia, nakwambia wazi. Siku ya pili nilikumbuka kwamba programu niliiandika mimi, na niliifundisha kuandika neno moja tu, IMESIMAMA, bila kusema imesimamishwa na nani. Kitufe nilikiweka mimi, na sikukipa kumbukumbu. Siku ya tatu nilikuwa napiga mswaki, nikakuona umezunguka nyumba ya barafu kama kuku Alhamisi Kuu, nikacheka mpaka nikapaliwa na dawa.

Mama alisoma barua yote. Aliingia bafuni, akaimba saa nzima.

Nilienda kwa Profesa Aristeu nikamweleza kila kitu, hata keki. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema polepole, "Kwa hiyo Alhamisi ni mjomba." Kisha akacheka, mpaka katibu akafungua mlango kuangalia kama yuko salama. Alipomaliza akawa mkali. "Sura ya tano itupe leo. Una wiki tano. Tafuta ukweli mwingine."

Nikaitupa. Kurasa sitini na mbili, mjomba. Halafu nikafungua disketi ya tarehe 16, kwa ajili ya lori lako.

Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Volti za gridi zilianguka hadi theluthi kwa muda wa kupepesa macho mara mbili. Hapo ndipo mashine nyingi hujikata, maana volti zikianguka mkondo hutaka kuruka. Kasha letu liliuona ukitaka kuruka kabla haujaruka, likaubana, likangoja, volti ziliporudi likaendelea. Nimeujenga upya mzamo uleule wa volti hapa maabara na kuzijaribu njia zote tatu. Ya kuta mbili iliushika mkondo, ila swichi zilipiga bila mpango zikapata moto vibaya. Ya pili ilitulia siku zote za kawaida, lakini siku ya lori ilichelewa, mkondo ukavuka mpaka, ikajikata. Ya tatu ilishika. Udhaifu wake pia nimeuandika: ukiipa vipimo vya koili visivyo sahihi, inabashiri uongo, tena kwa ujasiri. Na ile ti yako imo, ukurasa wa 88, na jina lako kamili.

Sitaki uje na suti. Chipu ya kwanza sikurudishii. Lile kasha halitaimba tena, na hii ni amri ya mhandisi. Ukitaka kwenda ukumbini, nenda bila sababu.

Juci


Ponta da Gameleira, 16 Desemba 2001

Mpwa wangu, Daktari,

Salamu kutoka mji mzima. Ulipopiga simu Ijumaa asubuhi, Bi Creusa hakunitumia mtoto wala mtu mzima. Alitoka barabarani na aproni yake akatangaza kwamba watahini wote watano wamesimama na kukupigia makofi, na kwamba mmoja amezimia kwa furaha. Nilipofika simu ilishakatwa. Nimempunguzia chumvi kadiri nilivyoweza, nikabaki na kwamba umefaulu. Lililobaki utanieleza mwenyewe. Wavuvi walifyatua fataki mchana kweupe. Padri alikutaja kwenye misa, safari hii kwa haki.

Sasa yangu. Uliandika niende bila sababu. Wiki mbili sikuenda. Nilichana nywele kila Alhamisi na kuzivuruga tena. Ile ya tarehe 6 nikajiambia, sasa hivi mtoto wa dada yangu amesimama mbele ya watu watano wenye tai, nami naogopa mwanamke mmoja mwenye mwavuli. Saa kumi na dakika tano nikaingia ukumbini, nikaketi benchi la nyuma.

Kwaya ikanyamaza. Hosana akageuka.

"Belarmino, mashine imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Inapiga kelele?"

"Haipigi."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Watu ishirini na wawili wananitazama, Juci, na vitabu vya nyimbo mikononi. Nikasema, "Sijaja kufanya kitu. Nimekuja kukaa."

Kisha akawaambia wenzake washike ubeti wa pili, nao wakaimba, nami nikakaa. Walipomaliza wakatoka wote upesi kuliko kawaida, wakisukumana. Akaja akaketi benchi la mbele yangu, kanipa mgongo.

"Miezi mitatu nimekungoja uje," akasema.

Nikamwambia, "Mashine ilinyamaza, sikuwa na la kukuzimia."

"Belarmino, kile kitufe kiko nje ya mlango, usawa wa kifua changu. Ingekuwa ni huo ukimya tu ninaoutaka, ningekibonyeza mwenyewe tangu Machi."

Mwanangu, nimefungua na kutengeneza redio za mji huu zote, lakini jambo hilo lilikuwa mbele yangu miezi tisa sikuliona. Nilicheka, naye akacheka, tukacheka hadi mfagiaji akatutoa. Siku ya Mtakatifu Lusia nimepiga kodiani kwenye maandamano, mara ya kwanza kwaya yake kukubali kodiani. Alinisahihisha mara nne mbele ya sanamu.

Tutakuja Campina Grande kwa basi la asubuhi, Jumamosi tarehe 12 Januari. Hosana anataka kukaa dirishani, nimekwisha mkatia tiketi. Mwambie mama yako mapema, kwa maneno yako mwenyewe, akiwa ameshiba. Na mezani muweke sahani mbili zaidi.

Mjomba wako,
Belarmino